Bamba Halimpumzishi Mchongaji

Yapo maneno yanayosemwa juu ya wachongaji wanaochapa picha, na yamerudiwa mno hata yakazoeleka kuwa kweli. Yanasemwa kwenye maonyesho Dar es Salaam, yanasemwa Tanga mjini, na hapa Pongwe hayakosi kila mazungumzo yanapogusa sanaa. Kijana wa hapa amekulia juu ya mwamba wa chokaa, jirani na kiwanda cha saruji. Jiwe analijua, chuma anakijua. Akionyesha hamu ya kuchonga anapewa baraka. Akisema anataka pia kuchora umbo la mtu kwenye bamba na kulichapa, anaambiwa anapotea njia. Nimechoka kuyasikia maneno hayo bila kuyajibu, na shahidi wangu mkuu atakuwa George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi yetu na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana wengi wanaoipinga hawajaiona ikifanyika. Wasanii wenyewe huiita echingi. Bamba la zinki au shaba husuguliwa mpaka likang'aa, likapakwa tabaka jembamba la nta na lami. Msanii huchora kwa sindano juu ya tabaka hilo. Sindano hailichimbi bamba, inaifunua tu metali iliyo chini. Bamba likitumbukizwa kwenye tindikali, palipofunuliwa huliwa na palipofunikwa husalimika. Kisha nta husafishwa, wino husukumwa ndani ya mifereji iliyochimbika, na uso wa bamba hufutwa mpaka wino ubaki mferejini peke yake. Karatasi nene iliyoloweshwa hulazwa juu, na vyote hupitishwa katikati ya rola mbili nzito. Karatasi laini husukumwa ndani ya mfereji na kutoka na wino wake.

Dai la kwanza linasema kwamba mchongaji anayechapa amepumzika kuchonga. Eti mikono imechoka na tezo, sasa anajiliwaza kwa karatasi.

Anayesema hivyo hajatafakari kinachotokea kwenye beseni la tindikali. Kinyago huzaliwa kwa kuondoa: fundi huondoa gogo mpaka mtu aliyemkusudia abaki. Echingi nayo huondoa, ila kinachoondoa ni tindikali, na anayeiongoza ni fundi kwa saa. Mstari ukikaa humo dakika chache hutoka mwembamba kama unywele. Ukiachwa zaidi hupanuka, hushika wino mwingi na huchapa weusi mzito. Basi fundi hulitoa bamba, huiziba kwa vanishi mistari iliyotosha, halafu hulirudisha ili iliyobaki iendelee kuliwa. Bega linalotakiwa kuja mbele ya jicho litaliwa kwa kina, na mgongo unaotakiwa kurudi nyuma utaliwa kidogo. Hayo ni maamuzi ya kina, na kina ndiyo kazi ya mchongaji tangu siku aliyoshika patasi kwa mara ya kwanza. Mchoraji wa penseli hana haja ya kujiuliza mstari wake umeingia ndani kiasi gani.

Kazi ikikamilika, kina hicho hubaki kwenye karatasi. Pitisha kidole kwenye chapa iliyotoka vizuri: kingo za bamba zimeacha ukuta, na wino wa mistari mizito umesimama juu ya karatasi. Shule ya msingi ya Pongwe inapokea watoto wasioona, ambao husoma nukta nundu kwa ncha za vidole. Sisemi chapa ya Lilanga inaweza kusomwa hivyo. Nasema karatasi iliyopita kwenye rola si tambarare tena, ina sura inayogusika, na aliyeipa sura hiyo hakuwa amepumzika.

Lilanga alianza na gogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, ambako mjomba wake Augustino Malaba alikuwa mchongaji, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichojengwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Hapo kipaji chake kilionekana. Alichonga, akachora juu ya ngozi ya mbuzi, akafanya batiki, akakata mabati, na akachapa echingi. Ukiziweka kazi hizo pamoja huoni mtu aliyekuwa akirukaruka. Ni viumbe walewale wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, wanaohama kutoka mti kwenda ngozi, kutoka ngozi kwenda zinki, na kila wanapohama wanajifunza jambo. Kwenye bamba walijifunza kubanana.

Nje ya kwetu mambo ni hayohayo. Käthe Kollwitz, Mjerumani, alipita njia kwa kinyume: alianza na bamba, akachonga baadaye. Mfululizo wake wa echingi juu ya vita vya wakulima ulikamilika mwaka 1908, na miili iliyo humo imeinama kwa uzito ambao tayari ni wa jiwe. Mwanawe Peter aliuawa Ubelgiji Oktoba 1914, siku chache kabla ya Waingereza na Wajerumani kupigana hapa Tanga mwezi uliofuata. Alimwombolezea kwa sanamu mbili za wazazi waliopiga magoti, zikasimamishwa makaburini mwaka 1932. Ukizitazama zile chapa halafu ukazitazama sanamu, utaona migongo ileile. Na Henry Moore, mchongaji wa Kiingereza, alipopewa fuvu la tembo wa Afrika hakukimbilia jiwe. Alikimbilia bamba, na mwaka 1970 akatoa mfululizo mzima wa echingi, kwa sababu sindano ilimwezesha kuingia ndani zaidi katika mapango ya ule mfupa kuliko patasi.

Dai la pili ni fupi na jibu lake halitakuwa refu: chapa ni nakala, kwa hiyo si kazi halisi.

Nakala ya nini? Kabla ya karatasi ya kwanza kutoka hapakuwa na picha popote. Bamba lenyewe si picha, ni metali yenye mikwaruzo iliyogeuzwa kushoto kulia. Kazi huzaliwa karatasini, na kila karatasi huwekewa wino na kufutwa kwa mkono upya. Msanii huamua zitoke ngapi, huandika namba kwa penseli pembeni, hutia saini, na mara nyingi hulikwaruza bamba ili lisitumike tena. Zinki ikichapwa sana mistari yake huchakaa, kwa hiyo hata metali yenyewe ina mpaka wake. Mchongaji ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kushangazwa na jambo hili. Sanamu za bronzi hutoka nyingi katika kalibu moja, na sheria ya Ufaransa hutambua hadi 12 kuwa kazi halisi. Anayeinua pua mbele ya chapa namba 5 kati ya 30 aende Mwenge, Dar es Salaam, ahesabu vinyago vya Mmasai mwenye mkuki vilivyopangwa dukani, kila kimoja kikiitwa kazi ya mkono. Kurudia si dhambi, ila mwenye bamba husema wazi amerudia mara ngapi.

Rembrandt alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1653 alichora kusulubiwa kwa Kristo kwa sindano moja kwa moja juu ya shaba. Baada ya kuchapa karatasi kadhaa alilirudia bamba lilelile, akafuta watu aliowachora, akaweka wengine, akaangusha giza nene juu ya umati. Leo tunazo karatasi za kabla na za baada, tunaona mawazo yake yalivyogeuka. Gogo la mpingo halimwachii mchongaji ushahidi wa namna hiyo. Alichokiondoa kimekuwa chembe sakafuni.

Sasa nije kwenye dai linaloniudhi zaidi. Husemwa kwa sauti ya huruma: wachongaji wetu hawaujui mwili wa mtu. Wanachora mashetani kwa sababu hawakusoma misuli na mifupa. Kichwa kikubwa, mguu wa vidole viwili, mdomo kama mdomo wa bata. Laiti wangefundishwa.

Lilanga alijua vidole vya mguu ni vitano. Alitoka katika jamii ya wachongaji waliokuwa na mitindo kadhaa iliyojulikana kwa majina, na mmojawapo ulimwonyesha mtu kama alivyo: mwanamke na mtungi, mzee na kiko. Roberto Yakobo Sangwani alianzisha nguzo za watu waliobebana, wengine tukaziita ujamaa. Samaki Likankoa alifungua mlango wa mashetani miaka ya 1950, na Clement Ngala ule wa mawingu, ambako mwili unayeyuka ukabaki mkunjo na uwazi. Nyuma ya wote hao kuna vinyago vya mapiko vinavyovaliwa ngomani, na kuna kile kifua cha mti kinachovaliwa na mchezaji wa kiume, chenye tumbo la mjamzito, matiti na chale. Watu waliochonga tumbo hilo waliujua mwili kwa karibu kuliko mwanafunzi anayenakili sanamu ya plasta.

Mtazame mtu wa Lilanga kwenye echingi. Usianze na masikio, anza na uzito. Mguu mmoja umekanyaga, mwingine umenyanyuka, na nyonga imeegemea upande uliobeba. Aliyebeba mtungi, shingo yake imeingia mabegani. Aliyelewa ana goti lisiloamini ardhi. Anayesengenya amesogeza mdomo kwenye sikio la mwenzake, na sikio limekua kwa sababu ndilo linalofanya kazi katika kisa hicho. Vidole vimepunguzwa vikabaki vile vinavyoshika. Mtu aliyekuwa hajui mwili asingejua nini cha kuacha.

Halafu tazama walivyopangwa. Hakuna upeo wa macho, hakuna nyumba nyuma, hakuna kivuli cha mti kinachokuambia ni saa ngapi. Watu wamejaa bamba zima, kisigino cha mmoja kikiwa juu ya kichwa cha mwingine, kiwiko kikijaza pengo lililoachwa na kiuno cha jirani. Hii ni akili ya nguzo ya watu waliobebana, iliyolazwa chali. Mchongaji wa nguzo hana nafasi ya kupoteza: kila uwazi kati ya mwili na mwili ameuchimba mwenyewe na unabeba sura. Lilanga aliihamishia akili hiyo kwenye zinki, na weupe wa karatasi kati ya viungo vya watu wake una umbo kamili kama viungo vyenyewe. Mchoraji aliyeanzia karatasini huuchukulia weupe kuwa mahali patupu pa kuchora. Kwa Lilanga hapakuwa patupu, na hilo hakulipata katika somo la mifupa.

Dai la nne hapa pwani ndilo zito, na nalijibu kwa heshima kwa sababu limeshikana na imani za watu. Wanasema umbo la mtu si letu. Sisi ni watu wa milango yenye maua, mnyororo na samaki, ni watu wa makaburi ya nguzo kama yale ya Tongoni. Sanamu na picha za watu zimeletwa.

Anayejizuia kuchora kiumbe chenye roho kwa sababu ya dini yake ana haki hiyo, na mimi simgusi. Ninachokikataa ni kuigeuza haki yake kuwa historia ya mkoa mzima. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeishi Tanganyika, alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika kwenye unyago na jando, akatoa kitabu juu yake mwaka 1956. Miongoni mwa waliovifinyanga ni Wazigua, Wanguu na Wasambaa: hao ni majirani wa Pongwe, si watu wa ng'ambo. Mwali alifundishwa maisha kwa kuonyeshwa umbo la mtu. Kusini kidogo Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti, kiwiliwili cha mti chenye kichwa na kifua, bila mikono wala miguu. Kaskazini, Wagiriama husimamisha vigango kwa ajili ya wakubwa waliokufa, na Wadigo wa Tanga ni ndugu zao katika Wamijikenda. Kigango ni ubao mrefu bapa wenye kichwa cha mviringo, na kiwiliwili chake chote kimechanjwa safu za pembetatu zilizotiwa rangi. Mwili wa mtu, bapa, uliochimbwa kwa ncha kali na kujazwa rangi: sijui mwenye dai atauita nini, lakini jirani wa karibu wa bamba la echingi ni huo.

Yupo jirani wa karibu zaidi. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma na kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, haya ya Tanga yakiwemo. Walikuja na nembo usoni, kifuani na tumboni. Fundi wa nembo alichanja ngozi kwa chuma kidogo, akapaka masizi kwenye mchanjo, akafuta juu. Mstari ukabaki ndani, mweusi, kwa maisha yote. Chanja, jaza weusi, futa uso: ndizo hatua tatu za mchapaji mbele ya bamba lake. Mmakonde aliyefika kwenye studio ya uchapaji alikuwa amewaona wazee wake wakibeba mstari wa namna hiyo mwilini tangu utoto. Aliyemwambia kwamba anajifunza jambo la kigeni hakuwa amemtazama usoni babu yake.

Na huko ughaibuni kazi hii haikuanzia kwenye karatasi wala kwa wachoraji. Ilianza kwa mafundi wa deraya, waliotia mapambo kwenye mavazi ya chuma kwa tindikali. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyekuwa akipamba deraya, ndiye anayehesabiwa wa kwanza kuchapa picha kwa njia hiyo, karibu mwaka 1500. Albrecht Dürer alifuata kwa mabamba ya chuma kati ya 1515 na 1518. Karakana ya chuma ndiyo mama yake. Vijana wa Pongwe wanaochomelea mageti wako karibu na asili ya echingi kuliko wengi wenye shahada ya uchoraji.

Kuna wanaosema tu kwamba chapa hazinunuliwi, wageni wanataka mpingo. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na kinyago kizuri kina mnunuzi mmoja, mara nyingi anayepanda ndege nacho. Bamba moja hutoa karatasi 20 au 30, na bei ya kila moja inaweza kushuka mpaka mwalimu wa sekondari akaimudu. Kama tunataka sanaa ya miili yetu ibaki kwenye kuta zetu, hiyo ndiyo hesabu.

Limebaki dai la vifaa: Pongwe haina mashine, haina tindikali, haina karatasi. Hapa nusu yake ni kweli, basi twende taratibu.

Tindikali ya naitriki iliyotumika zamani ni ya hatari, hutoa mvuke unaochoma mapafu, na siwezi kumshauri mtu aitumie kwenye chumba cha nyumbani. Lakini haihitajiki. Mrututu uliochanganywa na chumvi ya kawaida ndani ya maji hula zinki na hula alumini, bila ule mvuke mwekundu. Mrututu huuzwa kwa wakulima kama dawa ya ukungu. Alumini hupatikana kwa wakata mabamba. Bati la kuezekea halifai, zinki yake ni ngozi tu juu ya chuma. Vaa glovu, funika macho, weka beseni nje penye upepo, kwa kuwa alumini huchemka na kutoa gesi inayoshika moto. Maji yaliyotumika yasimwagwe mtaroni hata kidogo, kwani shaba iliyomo huua samaki. Yatiwe chokaa: shaba hujitenga na kutuama chini kama tope, likakusanywa na kutunzwa kando. Chokaa, Pongwe, si kitu cha kuagiza.

Mashine ni rola mbili za chuma, meza inayopita katikati, skrubu za kukaza na gurudumu la kuzungushia, na blanketi za sufu juu ya karatasi. Fundi anayeunda mashine ya kukamulia miwa ameshafanya nusu ya kazi. Tofauti ni kwamba rola hizi ziwe nene zaidi, laini kabisa, na zikaze sawasawa kutoka kushoto hadi kulia, maana zikipishana hata kidogo upande mmoja wa chapa utatoka mweupe. Mafundi wa kulitimiza hilo Tanga wapo, wa karakana na wa SIDO, shirika la viwanda vidogo. Aende mchongaji na mchoro wenye vipimo, asiende na ombi la msaada.

Karatasi ndiyo shida ya kweli. Karatasi ya ofisini ikiloweshwa hupasuka kwenye rola, na ile nene ya pamba hutoka nje kwa bei kubwa. Hapo sina jibu la haraka. Naweza kusema tu kwamba wanaojifunza wachape kwanza kwenye karatasi nene ya kuchorea ya madukani, waiwekee maji kidogo, wakubali kwamba nyingine zitaharibika, na karatasi ya pamba wainunue kwa kuchangiana pale bamba linapostahili. Wachongaji watatu wakiungana, gharama ya mashine na karatasi inabebeka. Wakisubiri mpaka waletewe studio kamili, watakuwa wazee.